Mwili Hausomi Spidi

Ndani ya matatu inayoenda kilomita 80 kwa saa Thika Road, bila kuongeza wala kupunguza, mwili hauna habari. Toa muziki, funga macho, utadhani umeketi sebuleni. Lakini dere akikanyaga breki, hata aliyelala anajua. Kasi hatuihisi. Tunahisi kasi ikibadilika.

Hapo ndipo nilianzia kumfunza mdogo wangu derivativu. Yuko Form Four. Ile kanuni ya kuteremsha kipeo halafu kupunguza moja anaijua kama wimbo wa taifa, ila hakuna aliyemwambia inasema nini.

Tukachukua swali la kawaida: s = t³ − 6t² + 9t, kwa mita na sekunde. Derivativu ya kwanza, v = 3t² − 12t + 9, ni kasi pamoja na upande inakoelekea. Ya pili, a = 6t − 12, ni mchapuko. (Shuleni tuliita akselaresheni; mchapuko nilikutana nalo baadaye, nikiandika.) Sekunde ya 1, v ni sufuri: kitu kiko mita 4 mbele, kimesimama, kinageuka. Sekunde ya 3 kimerudi pale pale kilipoanzia.

"Sasa cheki sekunde ya 2."

Akahesabu. Mchapuko sufuri. "Basi kimesimama."

Zii. Weka 2 kwenye v, unapata −3. Kati ya kugeuka na kurudi nyumbani, hakuna mahali kinarudi nyuma mbio kuliko hapo. Sufuri ya mchapuko haisemi kitu kimetulia. Inasema tu kurudi nyuma kumeacha kuongezeka. Baada ya hapo a ni chanya, na bado kitu kinarudi nyuma, sekunde nzima. Ukikiangalia kwa macho utaona kinapotea tu.

Alikaa kimya akizungusha kalamu. Nilitoka kampasi mwaka wa pili, karo ilipokataa kutosha watu wawili, na yeye ndiye wa pili. Hatujawahi kuizungumzia.

"Bro, na wewe uko sekunde ya ngapi?"

"Mbili na kitu."

Akacheka kidogo, akapiga mstari chini ya −3. Nikamwambia aandike mita kwa sekunde, vipimo visipokuwepo wanakata alama.