Maji ya Mto si ya Bure

Mgeni afikaye Kuresoi kwa mara ya kwanza hadhani kwamba hapo pana shida ya maji. Nchi ni ya milima, baridi na mvua. Viazi, mahindi na chai hustawi. Katika Msitu wa Mau ndimo inamoanza mito mingi: Itare huteremka kuelekea Sondu, uingiao katika Ziwa Victoria, na Molo hufuata njia ya Ziwa Baringo. Lakini maji yaliyo bondeni si maji yaliyo nyumbani, wala maji yaonekanayo kung'aa si lazima yawe safi.

Mama mwenye shamba mlimani humtuma binti yake mtoni na mtungi wa lita 20. Ukijaa, mzigo huo hupita kilo 20, na njia ya kurudi ni ya kupanda. Watu husema maji ya mto ni ya bure. Basi na ifanywe hesabu. Msichana akienda mara mbili kwa siku, na kila safari ikimchukua saa moja, kwa mwaka atakuwa ametumia saa 730, yaani zaidi ya siku 91 za kazi za saa nane. Saa hizo zingalimfaa kwa masomo, au kwa kupalilia viazi.

Gharama ya pili ni maradhi. Mtoni ng'ombe hunywa, nguo hufuliwa, na mvua huteremsha uchafu wa vyooni. Ayanywaye maji hayo bila kuyachemsha huweza kushikwa na homa ya matumbo au kuhara. Hapo fedha za mbegu huwa fedha za dawa, na shamba hupandwa nusu. Mavuno yakiwa haba, tangi halinunuliwi, na mwaka ufuatao binti huyo huyo hurudi mtoni. Ndivyo umaskini uzaavyo umaskini.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Lakini haki iliyoandikwa haijazi mtungi. Bwawa la Itare, lililoanzishwa Kuresoi mwaka 2017 ili kupeleka maji Nakuru na miji jirani, lilisimama mwaka 2018, kampuni ya Kiitalia iliyolijenga ilipopatwa na shida ya fedha.

Kazi kubwa zikingojewa, ndogo zaweza kufanywa na wanakijiji wenyewe. Chemchemi yafaa ijengewe kwa saruji na kutiwa bomba, ikazungushiwa ua mifugo isiingie. Choo kichimbwe mbali nayo, tena upande wa chini. Miti ya asili ipandwe kando ya maji, wala si mikaratusi. Na mwenye paa la mabati aweke mfereji na pipa, hata kama ni dogo. Haba na haba hujaza kibaba; na kila debe litokalo paani ni safari moja ambayo binti hataiendea mtoni.