Nilimdanganya Mgeni, Pipa Likanisuta

Ndugu msomaji, iwapo siku moja utabishiwa hodi na kijana aliyebeba karatasi za maswali, akakuomba mzungumze juu ya mbu na maradhi yaletwayo naye, nakusihi usimjibu kama nilivyojibu mimi.

Ulikuwa mwaka 2019, wakati homa ya dengi ilipokuwa imeenea tena Dar es Salaam kama ilivyoenea mwaka 2014. Jumamosi moja asubuhi binti mmoja aliingia uani kwetu. Akaniamkia, “Shikamoo baba.” Nikaitikia, “Marahaba mwanangu, karibu.” Mama watoto akampa kigoda. Binti akaeleza kwamba alitaka kupima mambo matatu: tunayoyajua, tunavyoyafikiria, na tunayoyatenda.

Maswali ya malaria niliyajibu kama mwanafunzi hodari. Mbu wake huuma usiku. Kinga yake ni chandarua. Nani asiyeyajua hayo? Nilikuwa mtoto wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na nakumbuka baba akirudi kutoka kikundi chake cha kusikiliza redio, akashika jembe moja kwa moja kwenda kufukia madimbwi.

Tulipofika kwenye dengi, majibu yangu yakawa yale yale. Nilisema mbu wake huuma usiku. Nilisema huzaliwa katika mitaro michafu. Nilipoulizwa kama ugonjwa huo waweza kuingia nyumbani mwangu, nilicheka. “Hapa kila kitanda kina chandarua,” nikamwambia. Mwishowe akauliza, pipa la maji tunalisugua mara ngapi?

“Kila wiki,” nikasema. Mama watoto alinitazama, kisha akainamisha kichwa.

Binti hakunibishia. Aliomba ruhusa tu, akafunua kipande cha bati, akamulika kwa tochi. Naam, viluwiluwi walikuwa wakipanda na kushuka katika maji yale yale safi tuliyoyakinga kwa shida, maana bomba letu halitoi maji kila siku.

Ndipo akanifundisha. Mbu wa dengi ni mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, naye huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kutua. Hupenda maji yaliyotuama katika mapipa, ndoo, vifuu na matairi mabovu. Mayai huyabandika ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, sharti kusugua. Tena kila wiki, kwa kuwa yai huweza kuwa mbu kwa muda wa siku saba hadi kumi.

Akaongeza kwamba dengi haina dawa yake maalumu, na kwamba aspirini ni hatari kwa mgonjwa wake, kwa kuwa huweza kuzidisha kutoka damu.

Hapo mwili ulinisisimka. Wiki tatu kabla ya siku ile kijana wetu wa pili alishikwa na homa kali, akilalamika maumivu nyuma ya macho na katika viungo. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mimi mjuzi nikasema kipimo kimekosea. Nikamnunulia dawa ya malaria, na aspirini juu yake. Alipona, nasi tukaisifu dawa. Kama ilikuwa dengi, siwezi kuapa, kwa sababu hakupimwa. Lakini najua kwamba ujuzi wangu wa malaria ndio ulionifumba macho.

Kabla binti hajaondoka nilimwomba afute lile jibu la “kila wiki”. Akalikata kwa kalamu, akaandika la kweli.

Ndugu msomaji, desturi yetu ni kumfurahisha mgeni. Lakini maswali yale si mtihani wa kushindania alama. Kama kila nyumba itajibu kwa haya na majivuno, taarifa itasema mtaa wetu unajua na unatenda. Waelimishaji watakwenda kwingine, na mbu watabaki nasi. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Siku hizi kila Jumamosi mimi na watoto hulipindua pipa letu na kulisugua. Je, la kwako ulilisugua lini?