Sili Inayosomwa na Upande Mmoja

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa najifunza ufundi katika gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam, dhamana ya gari ilikuwa kitu unachoweza kukigusa kwa kidole. Pampu ya dizeli ya lori jipya ilikuja na skrubu ya kupimia mafuta yanayokwenda kwenye injini, na kwenye kichwa cha skrubu hiyo ulipita waya mwembamba uliobanwa kwa kipande cha risasi. Hiyo ndiyo sili. Ikiwa nzima, pampu ikifa kiwanda kinahusika. Ikikatwa, pampu ni yako na hasara ni yako.

Wenye malori waliikata. Walitaka nguvu ya kupandia mlima wa Kitonga na mzigo uliozidi, na kuizungusha skrubu ile kidogo tu kuliwapa nguvu hiyo, pamoja na moshi mweusi na ulaji mkubwa wa mafuta. Mzee aliyenifundisha kazi hakuwakataza, ila alikuwa na desturi ambayo nimeishika mpaka leo. Kabla hajachukua koleo alimwita mwenye lori, akamwinamisha juu ya injini, akamwonyesha. "Tajiri, hii ikikatika huna mtu nyuma yako. Nikate?" Tajiri akishasema kata, ndipo inakatwa. Baadaye hapakuwa na ubishi, kwa sababu mwenye lori, fundi na wakala wote waliiona sili ile ile.

Magari madogo hayakuwa na habari hizo. Mengi yalitoka Japani yakiwa yameshatumika na dhamana imekwisha huko huko. Redio zake ziliishia 90 MHz, kwa kuwa ndipo masafa ya FM ya Japani yalipoishia siku hizo, nasi tulizifungia kifaa cha kuzivusha. Hakuna aliyetuuliza.

Kisha nikahamia Marekani, nikapata kazi ya umeme wa magari katika jimbo la Ohio, kwa wakala aliyeuza chapa kadhaa. Kule kila gari dogo la kuanzia toleo la 1996 lilikuwa na tundu lenye nafasi ya pini 16 chini ya dashibodi, lililowekwa kwa amri ya sheria za moshi. Kwetu lilikuwa tundu la kusomea makosa ya injini, basi. Miaka ya 2000 ilipoanza, kampuni ya Ross-Tech ya Pennsylvania ikawa inauza kebo na programu ya kuunganisha kompyuta ya nyumbani na magari ya Volkswagen na Audi, na mwenye gari akaweza kuingia ndani ya gari lake akiwa uani kwake.

Alichokuta humo kilinifurahisha mimi kama kilivyomfurahisha yeye. Gari moja hutengenezwa kwa ajili ya nchi nyingi. Kompyuta ya taa na vioo inayobaki Ujerumani mara nyingi ni ile ile inayovuka bahari. Zinazotofautiana ni tarakimu chache zilizoandikwa ndani yake, zinazosema taa za mchana ziwake au zisiwake, vioo vishuke kwa rimoti au visishuke, kengele ya mkanda ilie kwa muda gani. Ukizibadilisha tarakimu hizo hujaongeza waya wala kifaa. Umeamsha kitu kilichokuwa kimelala ndani ya gari ulilolilipia. Niliwafanyia watu wengi kazi hiyo baada ya saa za kazi, na bado naamini ni haki ya mwenye gari. Kengele ya mkanda tu sikumzimia mtu yeyote, hata ndugu.

Malalamiko ya kwanza niliyoyasikia pale kwa wakala hayakuhusu dhamana. Mteja analeta gari kwa marekebisho yaliyoamriwa na kiwanda, tunaliwekea programu mpya, na kwa baadhi ya chapa, BMW ikiwemo, programu ikiandikwa upya kwa mashine ya wakala huirudisha mipangilio yote ilivyotoka kiwandani. Mteja anarudi kesho yake amekasirika: vioo haviitiki rimoti, tumemharibia gari. Mpokeaji wa wateja hajui anachoambiwa, maana kwenye karatasi zake gari hilo halijawahi kuwa na vioo vya namna hiyo.

Upande wa pili, wa sisi mafundi, nao uliumia. Aliwahi kuja kwangu mtu aliyelalamika kwamba taa ya nyuma imekufa na dashibodi haikumwonya. Nilifuata nyaya asubuhi nzima. Mwisho nikagundua kwamba mtu fulani alifunga balbu za LED, kisha akaizuia kompyuta isikague tena balbu upande wa nyuma. Katika karakana nyingi za mawakala wa Marekani fundi hulipwa kwa kazi kulingana na saa zilizopangwa kitabuni, si kwa saa alizotoka jasho. Kiwanda hakilipi asubuhi ya namna hiyo. Mteja naye alikataa, akisema gari lina dhamana. Tangu siku hiyo sikubadilisha kitu kwenye gari la mtu bila kwanza kuhifadhi usomaji wa kompyuta zote jinsi zilivyokuwa, na kumwachia mwenyewe nakala.

Kompyuta za magari hayo zilikuwa na kumbukumbu ambayo wateja hawakuijua. Nyingi huhifadhi namba ya karakana iliyoandika tarakimu mara ya mwisho. Kompyuta za injini za chapa kadhaa huhesabu pia ni mara ngapi zimeandikwa upya. Juu ya hayo, programu ya injini ina namba ya uhakiki inayopatikana kwa hesabu: ukigusa chochote katika programu, namba haitalingana na ile ya kiwanda. Kwa magari ya Volkswagen na Audi, mashine ya wakala ikiunganishwa na mtandao hulinganisha mambo hayo, na gari lililogunduliwa kuwa limebadilishwa hupewa alama ya TD1 dhidi ya namba yake ya chasisi. Alama hiyo haibaki kwa wakala mmoja. Wakala wa jimbo lingine akiandika namba ya chasisi, anaiona.

Mtu aliyeongeza msukumo wa turbo kwa programu ya kununua, akatoboa pistoni au akaunguza klachi, asimpelekee mtengenezaji ankara. Injini ilipimwa kwa nguvu fulani, naye ameidai zaidi. Hapo sina ugomvi na kiwanda, na yule mzee wa Gerezani asingekuwa nao pia. Ugomvi wangu unaanza alama inapotumika kwa kila kitu.

Tulikuwa na mteja, mwalimu, ambaye gari lake lilivuja maji kwenye nyumba ya plastiki ya pampu. Nilikuwa nimeshabadilisha pampu za aina hiyo kwenye magari ambayo hayajawahi kuguswa na mtu. Plastiki ilikuwa inapinda kwa joto, na karakana nzima ilijua. Lakini mashine ilionyesha programu ya injini si ya kiwanda, na ofisi ikakataa papo hapo. Mwalimu akaomba aonyeshwe hicho kilichoonekana. Akaambiwa hakionyeshwi kwa wateja. Nilisimama pale nikiwa na pampu yake mkononi, ufa unaonekana kwa macho, na sikuruhusiwa kuzungumza. Alirudi na barua inayotaja sheria, wakapigiana simu na mwakilishi wa kiwanda, na mwishowe akalipiwa nusu kwa hisani. Neno hisani liliniuma. Alichokuwa anadai ni haki.

Sheria aliyoitaja ni ya mwaka 1975, inayojulikana kama Magnuson-Moss. Mtengenezaji haruhusiwi kuifunga dhamana yake na sharti la kutumia spea au huduma za chapa yake tu, isipokuwa anazitoa bure, na akitaka kukataa dai kwa sababu ya kifaa cha nje anapaswa kuonyesha kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta ubovu. Mwaka 2018 FTC, tume ya shirikisho inayolinda walaji, iliziandikia kampuni sita barua za onyo kuhusu masharti ya namna hiyo, Hyundai ikiwa mojawapo. Hata hivyo sheria haimsindikizi mteja mpaka dirishani. Mwenye gari asiye na muda wa kuandika barua hulipa na kuondoka.

Mwaka 2015 nauona kuwa ndio ulioligeuza jambo hili. Mwaka huo kampuni ya matrekta ya John Deere iliiambia Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani kwamba anayenunua chombo chake anapata kibali tu cha kutumia programu iliyomo. Oktoba wamiliki wakapewa msamaha wa kisheria wa kuzichunguza na kuzirekebisha programu za magari yao, ulioanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Katikati ya hayo, Septemba, ikafichuka kwamba Volkswagen yenyewe iliweka ndani ya magari yapatayo milioni 11 ya dizeli programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Kwa miaka tulikuwa tukimhoji mteja amegusa nini. Kwetu hakuna aliyekuwa amekihoji kiwanda.

Mwaka huo huo watafiti wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, waliliingilia gari la Jeep kwa mbali likiwa barabarani, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Hofu ile ilikuwa ya kweli, na milango ikaanza kufungwa. Kuanzia matoleo ya 2018 magari mengi ya Fiat Chrysler, waliotengeneza Jeep hiyo, yaliwekewa lango ndani ya waya zake. Volkswagen ikafuata na kinga yake ya SFD kwenye Golf ya nane: kubadilisha mipangilio iliyokingwa kunahitaji kibali cha muda kutoka seva ya kiwanda, na kinachoandikwa kinaacha kumbukumbu. BMW nayo mwaka 2022 ilionekana ikidai malipo ya kila mwezi katika baadhi ya nchi ili kiti chenye kipasha joto, kilichokwishafungwa ndani ya gari, kiwake. Mwaka uliofuata ikasema imeacha kufanya hivyo kwa viti.

Siku hizi vijana wa nyumbani Afrika Mashariki hunipigia kuniuliza kuhusu magari haya, hasa wa Nairobi. Kenya inakubali magari yasiyozidi miaka 8, na mengine hutoka Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Kwa hiyo magari yenye kinga hiyo yanaweza kuingia. Fundi wa Grogan, Nairobi, mwenye kebo nzuri atasoma makosa yake bila shida. Akitaka kuandika, ataulizwa kibali. Dhamana itakuwa imekwisha zamani, wakala aliyeliuza yuko bara lingine, na gari litakuwa na mmiliki wa tatu aliyelipa ushuru wake wote bandarini Mombasa. Katika karatasi zote za mauzo nilizozipitia, za magari mapya na yaliyotumika, sijaona mstari unaosema dhamana ikiisha mlango huo unafunguliwa kwa nani.