Twende Butembo, au Tubaki Ziwani?



Katika Kyavinyonge yetu, penye pwani ya Ziwa Edward, ni nyumba chache ambazo swali hili halijaingia: "Je, tuhamie Butembo?" Huulizwa samaki wanapopungua, huulizwa mtoto anapomaliza shule ya msingi, huulizwa tena mgonjwa anapopandishwa mlimani usiku. Katika nyumba yetu sisi swali hili limekaa mwaka mzima. Tu mume na mke, twaishi kwa mtumbwi mmoja na kwa kuuza samaki wa chumvi. Tuna watoto wanne, na bibi yao yu pamoja nasi. Binti yetu mkubwa ataka kujifunza uuguzi, na shule za kazi hiyo ziko mlimani. Basi ilitupasa kuyaweka mambo katika mizani, pasipo kudanganywa na taa za mjini, wala na uvivu wa kubaki tulipozoea. Twawaandikia ninyi yale tuliyoyapima, maana twajua kwamba nyumba nyingi zimeshika mizani hiyo hiyo.

Kwanza tulipime ziwa. Ziwa Edward lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,300. Sehemu kubwa ni ya Kongo, sehemu ndogo ni ya Uganda. Upande wetu umo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kyavinyonge, kama Vitshumbi ulioko kusini, ni kijiji cha wavuvi kilichoruhusiwa kukaa ndani ya hifadhi hiyo. Lakini ruhusa ni ya kuvua, si ya kulima. Ndiyo maana mtu wa hapa hana shamba. Unga wa muhogo, maharage, viazi na ndizi hutushukia kutoka milimani, na samaki wetu hupanda huko. Lakini ziwa lina neema yake. Kijana asiye na kitu, akipata nafasi katika mtumbwi wa mwenzake, asubuhi hurudi na ngege wawili mkononi. Hawezi kutajirika, lakini hatalala na njaa. Anayeidharau neema hiyo hajapata kukaa mjini bila kazi.

Walakini ziwa limechoka. Nyavu za matundu madogo huzoa samaki wachanga kabla hawajazaa. Mitumbwi imezidi hesabu iliyoruhusiwa. Viboko, ambao kinyesi chao hurutubisha maji na kuwalisha samaki, waliuawa kwa maelfu katika miaka ya vita, hata wakabaki wachache. Tena mpaka wa nchi hauonekani juu ya maji: mvuvi akifuata samaki mbele kidogo, aweza kukamatwa pamoja na chombo chake. Mwezi wa Julai 2018 askari wa majini wa Kongo na wa Uganda walipigana risasi ziwani humu, na watu wakafa. Tukiongeza malaria, na kipindupindu ambacho huzuka pwani mahali watu wanapokunywa maji ya ziwa yasiyochemshwa, twaona kwamba mzigo wa upande huu nao si mwepesi.

Sasa tupande mlimani. Kwa ndege wa angani Butembo si mbali, lakini kwa gari njia ya Kyondo hupanda ukuta mkubwa wa bonde, na mvua ikinyesha safari huwa ndefu. Ziwa letu liko mita 920 hivi juu ya bahari. Butembo uko mita zipatazo 1,750. Kwa kuwa hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda, tofauti hiyo yapunguza joto kwa digrii tano hivi. Ijapokuwa mji huo u karibu kabisa na mstari wa ikweta, watu wake hulala na blanketi mwaka mzima. Mbu ni wachache kuliko kwetu. Malaria ipo, lakini haiwasumbui watu kama huku bondeni. Milima inayouzunguka huzaa maharage, viazi, kabichi, vitunguu na kahawa. Mboga ambazo kwetu hufika zimenyauka, kule hufika sokoni zingali na umande.

Faida ya pili ni biashara. Butembo haukukuzwa na serikali. Umekuzwa hasa na wafanya biashara wake. Watu waliouza maharage na kahawa walianza kununua malori, kisha wakaanza kusafiri wenyewe hata Dubai na Guangzhou kutafuta bidhaa. Mizigo yao hushushwa Mombasa, huvuka Uganda, na kuingia kwa mlango wa Kasindi. Hivyo fundi cherehani, seremala, mwashi, mwenye pikipiki, hata msukuma chukudu, kila mmoja aweza kupata mtu wa kumpa kazi. Mtu mwenye ufundi na uaminifu hakosi jina mjini humo.

Faida ya tatu, nayo ndiyo iliyotushika sisi moyoni, ni shule na hospitali. Wamisionari Waasumpsio walifika katika nchi hii mwaka 1929, na tangu hapo shule zimekwenda pamoja na makanisa. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo letu tangu 1966 hadi 1997, aliwahimiza watu wasikae kungoja barabara na shule kutoka mbali, bali waanze kwa mikono yao. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, wakati ambapo kijana wa kwetu aliyetaka elimu ya juu alilazimika kwenda mbali sana. Zipo pia hospitali kama Matanda na Kitatumba, ambako mama mwenye uzazi mgumu hupasuliwa usiku uo huo. Sisi tulio pwani twaujua urefu wa njia kati ya mama kama huyo na kisu cha daktari.

Mpaka hapo mizani yaelemea mlimani. Lakini mji una upande wake wa pili, na wageni hauwaonyeshi siku ya kwanza.

Kule kila kitu hununuliwa. Ziwani maji ni ya kuchota, na kitoweo ni cha kuvua. Mjini kuna kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi hudai kwa dola. Kuna makaa ya kupikia. Kuna bidoni la maji ambalo mtoto hulibeba kutoka chemchemi bondeni, au hununuliwa kwa mchukuzi. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazitozi ada, na jambo hilo limewafaa maskini wengi. Lakini shule za sekondari zina ada zake, na watoto wa sekondari ndio hasa wanaotufanya tuhame. Msemo wa wazee wasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjini ni jembe gani atakalopewa mvuvi? Wavu wake haushiki kitu juu ya mlima.

Tena ardhi yenyewe ni ya mashaka. Mji umejengwa juu ya vilima, na wanaochelewa kufika hupata kiwanja mahali wengine walipopakataa: kwenye mteremko mkali, au kando ya korongo. Mvua kubwa hukata udongo, na nyumba huporomoka. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara huingia mpaka chunguni. Baridi, ambayo kijana huifurahia, ni adui wa mzee mwenye kifua kibovu. Bibi wa watoto wetu alipokaa kule majuma matatu kwa mazishi ya ndugu, alikohoa usiku na mchana, akasema, "Wanangu, mimi ni mtu wa jua."

Kuna na hatari ya umati. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na Butembo na Katwa zikawa miongoni mwa mahali palipoumizwa sana. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Virusi viliua, na uvumi nao ukasaidia kuua. Watu waliambiana kwamba ugonjwa ni biashara ya wakubwa. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutuponya, aliuawa kwa risasi mjini Butembo. Hatusemi kwamba watu wa mji ni wabaya kuliko wa kijiji. Twasema tu kwamba mahali penye watu wengi wasiojuana, neno la uongo hukimbia kuliko mjumbe wa kweli.

Wala tusidhani kwamba kuhamia mjini ni kukimbia vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika nchi ya Beni yamewafukuza watu wengi mashambani, na wengi wamekimbilia Butembo. Mwaka 2024 vita vilipanda kutoka kusini: Kanyabayonga ilianguka Juni mwaka huo, na Goma ikafuata Januari 2025. Kila kundi la wakimbizi liingiapo, nyumba za kupanga huwa ghali na sahani ya mwenyeji hugawanywa. Shamba likiwa halilimiki kwa hofu, soko la mji hulia kabla ya wiki kwisha. Mji hauna ghala lake. Ghala lake ni kijiji.

Basi tuamueje? Tumewauliza waliohama kabla yetu, waliofanikiwa na walioshindwa, na tumeona jambo moja linalowatenga. Hawakutengana kwa fedha waliyoondoka nayo, wala kwa elimu peke yake. Waliofanikiwa waliingia katika kundi: likelemba ya wanawake wa soko, ambamo kila mmoja hutoa fungu na kwa zamu mmoja hupokea lote, jumuiya ndogo ya parokia, inayomjua mgonjwa kwa jina, kazi ya pamoja ya mtaa, inayoziba korongo kabla halijafika mlangoni. Walioshindwa walikwenda mjini kama mtu aendaye dukani: kununua na kuondoka. Fedha ilipokwisha, hapakuwa na mtu wa kuwauliza, "Leo mmekula nini?"

Hilo halitushangazi tukikumbuka jinsi mji wenyewe ulivyokua. Barabara nyingi, madaraja na madarasa ya kule yalitokana na michango na mikono ya watu. Mji uliojengwa kwa kuchanga hauwezi kumlea asiyechanga. Twaona, basi, kwamba swali la kweli si kama Butembo ni mzuri au mbaya. Swali ni hili: tukiingia humo, tutachanga nini, na pamoja na nani?

Sisi tumekata shauri hivi. Hatutauza mtumbwi. Binti yetu atapanda mwanzo wa mwaka wa shule, akae kwa shangazi yake, ambaye anauza samaki sokoni na anajulikana katika jumuiya yake. Hatakwenda kama mzigo: kila juma tutampelekea shangazi samaki wa chumvi, naye atauza, na faida italipa ada na chakula. Mama wa nyumba yetu ameanza kutoa fungu lake katika likelemba ya huko, ingawa bado alala huku. Fedha ya zamu yake tutaiwekea kiwanja kidogo mahali pasipo mteremko, hata kama pako mbali na barabara kuu. Miaka miwili ikipita, tutapima tena. Bibi atabaki kwenye jua lake, na baba wa nyumba atabaki naye, maana si haki mtoto apate elimu kwa gharama ya mzee kuachwa peke yake.

Shauri hilo lina maumivu yake. Nyumba iliyogawanyika mahali pawili hula mara mbili, na mume na mke wasipoonana kwa majuma mengi huingia majaribu ambayo hatuna haja ya kuyataja. Tumeagana kwamba mwisho wa kila mwezi mmoja atapanda au mwingine atashuka, hata njia ikiwa na matope. Na kama usalama wa barabara ukiharibika, binti atabaki na shangazi, na sisi tutavumilia.

Kwenu ninyi wazazi mlio na swali hili hili, twawasihi: msihame kwa hasira ya siku moja ya wavu mtupu. Mtangulizeni mtu, itangulizeni kazi, utangulizeni urafiki. Kisha vitu vya nyumba vifuate. Nanyi vijana wanafunzi mliokwisha kufika mjini, mwulizeni habari za hali yake mgeni wa mtaani kwenu kabla fedha yake haijakwisha. Pengine ni binti wa ziwani, na hajazoea baridi.