Wageni wa Majira ya Baridi Jijini Nairobi

Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Kabla reli ya kutoka Mombasa haijafika hapo mwaka 1899, mahali hapo palikuwa na vijito na kinamasi ambapo Wamasai walinywesha mifugo yao. Sehemu kubwa ya kinamasi hicho sasa imefunikwa na maghorofa, barabara za lami na mitaa yenye wakazi mamilioni. Hata hivyo wako wageni ambao hawajaacha kuja. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Septemba na Oktoba, huwasili bila pasi wala mizigo, na hukaa mpaka Machi au Aprili. Hao ni ndege wa Ulaya na Asia, wanaoyahama majira ya baridi ya makwao. Na katika jiji hilo lipo kundi la watu ambalo limejipa kazi ya kuwapokea, kuwatambua kwa majina na kuwaandika katika daftari.

Inafaa kueleza mapema kwamba baridi inayozungumzwa hapa si ile ya Nairobi yenyewe. Wakazi wa Nairobi huvaa makoti mwezi wa Juni mpaka Agosti, wakati wa kipupwe. Wageni hawa huja wakati ambapo Nairobi ni joto na mvua za vuli zimekaribia, lakini kwao, kaskazini ya dunia, theluji imekaribia kuanguka.

MATEMBEZI YA JUMATANO

Mwaka 1971 Bibi Fleur Ng'weno, mwandishi na mpenzi wa elimu ya viumbe, alianzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Matembezi hayo, ambayo aliyaongoza kwa miongo mingi, ni ya chama kikongwe cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1909, ambacho leo hujulikana nchini Kenya kwa jina la Nature Kenya. Watu hukutana kwenye Makumbusho ya Taifa, kabla ya saa tatu asubuhi. Mwenye gari humpa nafasi asiye na gari, nao huondoka pamoja kwenda mahali palipochaguliwa siku hiyo: pengine ni msitu, pengine bustani ya mjini, na pengine ni bwawa lililo nje kidogo ya jiji.

Katika msafara huo haulizwi mtu cheo chake. Mstaafu hutembea na mwanafunzi, na mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana hutembea na kijana wa mtaani anayetamani kuwa kiongozi wa watalii. Vijana wengi wa Kenya ambao sasa wanaishi kwa kazi ya kuongoza watalii walijifunza ndege wao wa kwanza katika Jumatano hizo. Darubini zikiwa chache, hupokezanwa kutoka mkono hadi mkono.

Kazi ya kiongozi si nyepesi. Hana budi kuwapanga watu ili jua liwe nyuma yao, kwa maana ndege anayetazamwa dhidi ya mwanga huonekana kivuli kitupu. Hana budi pia kuwafundisha kusikiliza kwanza, kisha kutazama, kwani msituni sikio hutangulia jicho. Halafu ipo shida ya kumwonyesha mtu ndege aliyejificha katika majani elfu. Watazamaji wa ndege duniani kote huufananisha mti na uso wa saa: ndege akiwa upande wa kulia kabisa, husemwa yuko saa tatu. Lakini aliyezoea saa ya Kiswahili huisoma akrabu iliyo mahali hapo kuwa ni saa tisa, naye atatafuta upande wa kushoto mpaka ndege aruke! Ni lazima basi waafikiane kwanza ni saa ya nani itakayotumika.

KINACHOWAFUKUZA KWAO

Wengi hudhani kwamba ndege hawa huikimbia baridi yenyewe. Sivyo hasa. Manyoya ya ndege ni blanketi zuri kuliko lolote lililofumwa na binadamu, na wako ndege wanaokaa Ulaya mwaka mzima. Kinachowafukuza wengine ni njaa. Mwezi wa Desemba, katika nchi za kaskazini, jua huchomoza kwa saa chache tu, maziwa huganda yakawa kama sakafu, na wadudu hutoweka. Mbayuwayu, ambaye chakula chake ni wadudu warukao, angebaki huko angekufa katika siku chache.

Hapo kale wataalamu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu huenda wapi, na wengine waliandika kwamba hujizika katika matope chini ya maziwa mpaka majira ya baridi yapite. Uthibitisho wa safari zake ulikuja kwa kipande kidogo cha madini. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Uingereza, na mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo huyo alipatikana Natal, katika Afrika ya Kusini. Tangu hapo kazi ya pete imeenea. Nchini Kenya imefanyika tangu mwaka 1969 huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba taa za hoteli huwavuta ndege wasafiri kwa maelfu.

Wako wanaotoka mbali zaidi. Kuna ndege mdogo mwenye uzito wa gramu 25 hivi, mwenye rangi ya hudhurungi iliyofifia na weupe juu ya mkia, apendaye kusimama juu ya jiwe au kichuguu katika uwanda wa wazi. Watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 2012 waliwafunga ndege wa aina hiyo, huko Alaska, vyombo vidogo vya kupimia mwanga. Vyombo vilipofunguliwa ilionekana kwamba walikuwa wameivuka Asia mpaka Afrika Mashariki, mwendo wa kilomita 14,500 hivi kwa safari ya kuja tu. Mtu anayemwona ndege huyo katika mbuga ya Nairobi asubuhi ya Jumatano hana sababu ya kumdharau kwa udogo wake.

WANAPOFIKIA

Wageni hawa hawachagui makao kwa sifa za jina. Katika bustani za Nairobi, ndege wembamba wa rangi ya kijani na manjano hupekua majani ya migunga wakitafuta viwavi. Angani keremkerem kutoka Ulaya hupita kwa makundi, na sauti zao husikika kabla wao wenyewe hawajaonekana. Kando ya maji chamchanga hutembea huku mkia wake ukitikisika bila kupumzika.

Msitu wa Karura ni miongoni mwa mahali panapopendwa na watembezi. Una zaidi ya hekta 1,000, nao uko ndani ya jiji. Kuwapo kwake leo si jambo la bahati. Mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake waliukabili unyang'anyi wa ardhi ya msitu huo, wakapigwa na kujeruhiwa, lakini msitu ukabaki. Kila ndege anayetua Karura anatua juu ya matunda ya mapambano hayo.

Bwawa la Nairobi lina habari tofauti. Lilijengwa mwaka 1953, na kwa muda mrefu watu waliendesha mashua za matanga juu yake. Baadaye uchafu wa mitaa uliingia, magugu maji yakatanda, na maji ya wazi yakatoweka. Bata wa kutoka kaskazini anayehitaji maji ya wazi alinyang'anywa kituo chake bila mtu kumfukuza kwa fimbo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mojawapo ya mahali pazuri pa kuwaona bata hao na chamchanga karibu na Nairobi ni mabwawa ya kusafishia maji machafu ya jiji, huko Ruai. Mtembezi mgeni huziba pua, kisha husahau pua yake aonapo mamia ya ndege juu ya maji. Mabwawa hayo yana maji ya kina kifupi na chakula kingi, na watu wapitao ni wachache. Ndege amekubali kile ambacho binadamu amekitupa. Lakini jiji ambalo wageni wake hulazimika kujazana katika maji machafu linapaswa kujiuliza limeyafanyia nini maji yake mengine.

KUHESABU NI KUTUNZA

Matembezi yakimalizika, ndege wote walioonekana hutajwa na kuandikwa. Mtu asiyejua anaweza kuuliza: orodha hiyo ina faida gani? Jibu ni kwamba kitu kisichohesabiwa hupungua kimyakimya. Mzee anaweza kusema kwamba zamani makorongo walikuwa wengi, na kijana anaweza kumjibu kuwa wazee husifu zamani siku zote. Penye daftari ubishi huo hukatwa.

Kwa sababu hiyo, mwezi wa Januari, watembezi wengi huziacha bustani za jiji na kwenda katika maziwa ya Bonde la Ufa kama vile Naivasha, Elmenteita, Nakuru na Bogoria. Huko hujitolea kuwahesabu ndege wa majini pamoja na wataalamu wa Makumbusho na maofisa wa wanyamapori. Kazi hiyo ilianza nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu hugawanywa katika makundi, kila kundi hupewa sehemu yake ya ufuko, nao huhesabu tangu asubuhi, wageni na wenyeji pamoja. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda miaka ya 2010 na magadi yake yakazimuliwa, heroe, yaani flamingo, walihamia kwingine kwa wingi. Kwa kuwa hesabu ilikuwapo, mabadiliko hayo yaliandikwa kwa tarakimu badala ya kubaki simulizi.

Mwezi wa Januari haukuchaguliwa ovyo. Sensa ya ndege wa majini ilianza Ulaya mwaka 1967, na hufanyika katikati ya majira ya baridi, wakati ndege wametulia mahali pao. Hivyo, mwezi ambao Mkenya aliyevaa kofia ya jua anawahesabu bata wa Naivasha, Mholanzi aliyevaa glavu anawahesabu wale waliobaki kando ya maji ya kwao. Hao wawili hawajaonana, lakini wanaandika hesabu moja. Mmoja wao akiacha, hesabu ya mwenzake hupungukiwa maana, kwa kuwa hatajua kama ndege wasioonekana wamekufa au wamehama tu.

SUMU MASHAMBANI

Safari ya ndege ikivuka bahari na jangwa salama, bado inaweza kukatika karibu na jiko la mtu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi ya Kenya, mtafiti wa ndege alifichua, kuanzia mwaka 2009, kwamba wawindaji walikuwa wakitumia dawa kali ya kuulia wadudu kama sumu ya ndege. Dawa ilitiwa katika konokono na nafaka, ndege wakala wakaanguka, na nyama yao ikauzwa kwa watu wa kula. Hapa hatari si ya ndege peke yao. Mama anayenunua nyama ya ndege asiyejua ameuawaje huenda anawapikia watoto wake dawa ya shambani, kwani si kila sumu huondoka kwa kuchemshwa.

Hali kadhalika, mkulima anayefurahia kifo cha ndege hao hujipunja mwenyewe. Korongo weupe kutoka Ulaya huwafuata viwavijeshi na nzige, wakila kwa wingi. Tai wa nyika za Asia, ndege mkubwa wa kutisha, hushuka chini mvua zinapoanza na kula kumbikumbi mmoja mmoja kama kuku. Tai huyo tangu mwaka 2015 amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa hawakungoja siku ya tatu, walishika jembe siku ile ile waliyofika.

Si lazima mtu aishi Nairobi, wala awe na darubini, ili afanye sehemu yake. Mwalimu anaweza kuwatoa wanafunzi nje mara moja kwa juma, saa ile ile na mahali pale pale, wakaandika tarehe waliyomwona mbayuwayu wa kwanza na tarehe walipoondoka wa mwisho. Mwenye shamba anaweza kuuacha ukanda wa matete kando ya kijito, na kuitunza dawa ya wadudu chini ya kufuli. Nyumbani, mtoto mwenye manati anaweza kupewa daftari badala yake. Mwezi wa Machi, mvua za masika zikikaribia, ndege watanona, watakusanyika na kuelekea kaskazini kujenga viota. Watakaorudi Oktoba watakuwa wale ambao nchi zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, ziliwaacha wapite salama.