Bosi anayeajiri watu wanaoweza kumnyang'anya kiti: makocha wa futiboli ya vyuo Marekani na wasaidizi wao

Majina kapuni. Anayefuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, atawajua wahusika wote mapema tu. Asiyefuatilia naye asiondoke, maana huu ni mkasa wa bosi na watu wake, na kila aliyewahi kuajiriwa ameuona kwa namna yake.

Anza na LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Kocha mkuu alikuwa mzawa wa jimbo hilo hilo, mwanaume wa sauti nzito kama ngurumo, na watu walimpenda. Vipaji alikuwa navyo, ulinzi ulikuwa mzuri, ila kufunga pointi ilikuwa kwa kudunduliza. Januari 2019 akafanya jambo ambalo makocha wengi wa umri wake hawalifanyi. Akaenda kumchukua dogo wa miaka 29 kutoka New Orleans Saints, timu ya kulipwa, ambako dogo alikuwa msaidizi wa ngazi ya chini na hakuna mtu mtaani aliyekuwa anamjua. Mzee aliyekuwa anaongoza mashambulizi akabaki na cheo chake, dogo akawekwa pembeni yake kushughulikia pasi.

Kilichofuata ni balaa. LSU ilicheza mechi 15 ikashinda zote 15. Wastani wa pointi ukafika 48.4 kwa mechi. Kijana wao anayerusha mipira akabeba tuzo ya Heisman, na tarehe 13 Januari 2020 wakaichapa Clemson 42-25 kwenye fainali ya taifa. Dogo naye akapewa tuzo ya Broyles, ile inayotolewa tangu 1996 kwa kocha msaidizi bora wa nchi nzima.

Confeti hazijafagiwa vizuri, dogo huyo kamwaga wino Carolina Panthers. Mwezi huo huo, mratibu wa ulinzi naye akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Baylor. Bosi kabaki na kombe mkononi na viti viwili vitupu.

Kwenye ulinzi akamrudisha mtu aliyewahi kushika kazi hiyo hiyo hapo hapo LSU miaka ya nyuma, na enzi hizo alifanya vizuri kweli. Jina kubwa, mwenyeji, hana haja ya kuonyeshwa njia ya kwenda uwanjani. Mechi ya kwanza ya msimu, Septemba 2020, Mississippi State wakaja na kurusha mipira kwa yadi 623, rekodi ya ligi yao ya SEC. LSU wakalala 44-34 wakiwa nyumbani. Msimu ukaisha 5-5, mratibu yule akapigwa chini baada ya mwaka mmoja tu. Oktoba 2021 chuo kikatangaza kwamba na kocha mkuu mwenyewe ataondoka mwisho wa msimu. Kutoka kubeba kombe mpaka kibarua kuota nyasi, miezi 21.

Kwa haki, wachezaji nao walikuwa wameondoka. LSU ilitoa vijana 14 kwenye drafti ya NFL ya 2020, na hakuna timu inayopoteza watu wote hao ikabaki vile vile. Lakini hata walipokuwepo, mwaka mmoja kabla ya dogo kuja, hawakuwa wanafunga namna ile.

Sasa hawa wasaidizi wanapatikanaje?

Kwa muda mrefu kocha mkuu wa daraja la juu aliruhusiwa wasaidizi 9 wa kufundisha uwanjani, wakawa 10 kuanzia Januari 2018. Katikati ya 2024 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikalegeza kamba: wafanyakazi wengine wa timu nao wanaruhusiwa kufundisha, ila wanaotoka kwenda kusaka wachezaji wamebaki idadi ile ile. Roho ya benchi ni watu wawili, mratibu wa mashambulizi na mratibu wa ulinzi. Kwenye vyuo vikubwa mmoja wao anaweza kuvuta zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka. Ndiyo, msaidizi. Ndiyo, kwenye chuo. Kocha mkuu mjanja anapojadili mkataba wake anabana pia fungu la kuwalipa hao, kwa sababu akishasaini, nguvu ya kudai inapungua sana.

Usaili wenyewe hauna maneno mengi ya CV. Mtu anapewa kalamu, anasimama mbele ya ubao, anaambiwa chora. Mpinzani akijipanga hivi, unajibu nini? Mtu wako wa kulia kaumia, unabadilisha wapi? Halafu kuna lile zoezi linaloua wengi: mfundishe bosi kana kwamba ni mtoto wa miaka 18 aliyetoka sekondari jana. Wapo wanaoujua mpira mpaka basi, ila kuueleza hawawezi. Ubao unawaumbua mapema sana.

Pia kuna suala la kujulikana. Wachezaji wanasakwa kwenye shule za sekondari, kwa hiyo msaidizi aliyekulia Texas au Georgia, ambaye makocha wa shule za huko wanapokea simu yake saa 5 usiku na mama wa mchezaji anamkaribisha jikoni, ana thamani hata kama mbinu zake ni za kawaida. Ndiyo maana kocha mpya akiingia na kufagia benchi zima, mara nyingi utakuta kabakiza mmoja. Ni yule mwenye vijana mkononi.

Wanaofagiwa hawana hadithi nzuri. Bosi akifukuzwa, wengi wao wanafungashiwa virago pamoja naye, hata kama kitengo chao kilikuwa kinafanya vizuri. Mke anaanza kutafuta nyumba jimbo lingine, watoto wanahama shule katikati ya mwaka. Kila Januari makocha wana mkutano mkuu wa chama chao, na humo kwenye kumbi za hoteli wanazunguka wanaume wazima waliovaa vizuri, wakivizia mtu mwenye nafasi apite wamsalimie. Kocha mkuu anayepita hapo anajua fika kwamba baadhi ya hao alishafanya nao kazi, alishakula kwao. Na anajua pia kwamba akimchukua mshkaji kwa huruma, miaka miwili mbele watakuwa wote wawili wamesimama kwenye ukumbi huo.

Hapo ndipo anapoingia yule mzee wa Alabama.

Huyu alifundisha Alabama kuanzia 2007 mpaka alipostaafu Januari 2024, akabeba ubingwa wa taifa mara 6 akiwa hapo. Staili yake ya kuajiri iliwashangaza wengi. Alikuwa anaokota makocha wakuu waliofukuzwa. Wenye majina, wenye skendo, wenye midomo. Wengi wao walikuwa bado wanalipwa na vyuo vilivyowatimua, kwa hiyo aliwapa kamshahara kadogo na cheo cha mchambuzi, kazi ya ofisini ya kuangalia video na kuandika ripoti. Kuna aliyekuwa analala hoteli za nyota tano, sasa anakatakata klipu kwenye kiofisi. Wengi walikubali kiroho safi, kwa sababu ukitoka kwa yule mzee simu inaanza kuita tena.

Mmoja wao alikuwa kafukuzwa na chuo cha USC mwaka 2013, tena akiwa hata hajafika nyumbani: timu imetua uwanja wa ndege usiku ikitoka kuchapwa 62-41, jamaa akaitwa pembeni, kazi ikaishia hapo. Watu walimcheka. Januari 2014 mzee akamkabidhi mashambulizi yote ya Alabama. Hawa wawili hawakufanana kwa lolote. Mmoja mkali, hacheki, kila kitu kwa ratiba. Mwingine mtani, mtukutu, anapenda kamera. Televisheni zilijaa picha za mzee akimfokea pembeni ya uwanja. Lakini msimu wa 2015 wakabeba ubingwa pamoja.

Januari 2017 mzee akafanya lingine. Jamaa alikuwa ameshapata kazi ya ukocha mkuu Florida Atlantic, na akili ikawa huku na huku. Zimebaki siku 7 kucheza fainali ya taifa. Mzee akamwambia nenda. Siku 7! Akampa mashambulizi mchambuzi mmoja aliyekuwa ofisini tangu Septemba, ambaye naye alikuwa kocha mkuu wa zamani wa USC, naye alifukuzwa, na maisha yake binafsi yalikuwa yamepitia kipindi kigumu kilichoandikwa na kila gazeti. Fainali ile Alabama walipoteza 35-31 kwa pasi ya sekunde ya mwisho. Wengi walisema mzee kajikaanga mwenyewe, na ni vigumu kuwabishia.

Ila angalia huyo mchambuzi alivyoishia. Akaenda timu za kulipwa, 2019 akarudi Alabama, msimu wa 2020 wakabeba ubingwa na yeye akachukua Broyles, 2021 akaenda Texas kuwa kocha mkuu. Na Septemba 2023 akarudi tena Tuscaloosa, safari hii na jezi za Texas, akamfunga mzee 34-24 nyumbani kwake.

Hakuwa wa kwanza. Mzee alicheza na waliowahi kuwa wasaidizi wake mara 24 akashinda zote, mpaka Oktoba 2021 mmoja aliyekuwa Texas A&M alipomfunga 41-38. Miezi mitatu baadaye, kwenye fainali ya taifa, aliyemfunga 33-18 ni kijana aliyekaa naye Alabama kuanzia 2007, na ulinzi wake akauongoza kuanzia 2008 mpaka 2015, kabla ya kwenda Georgia. Daftari la mzee lilikuwa mkononi mwa Georgia, kurasa zote. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifundisha.

Alijua hilo lingekuja. Msaidizi mwenye uwezo anaondoka, na akiondoka anaenda kuwa mpinzani. Mzee aliendelea kuwaajiri wa aina hiyo hiyo mpaka siku anastaafu.

Upande mwingine kabisa kuna Iowa. Kocha mkuu yupo hapo tangu 1999, mtulivu, anaheshimika, na mratibu wa mashambulizi alikuwa mwanawe wa kumzaa. Kwa sababu ya sheria za undugu kazini, dogo kwenye karatasi hakuripoti kwa baba, aliripoti kwa mkurugenzi wa michezo. Kwenye karatasi. Timu ilikuwa na ulinzi wa kutisha na mashambulizi ya kusikitisha, na mashabiki walishachoka. Kabla ya msimu wa 2023 chuo kikafanya kitu cha aibu kidogo: mshahara wa dogo ukakatwa dola 50,000 hadi 850,000, na kwenye mkataba likaandikwa sharti la wastani wa pointi 25 kwa mechi. Nchi nzima ikawa inahesabu pointi za Iowa kila Jumamosi kama watu wanaofuatilia mkeka.

Mshua angeweza kumaliza mambo hayo mapema, nyumbani, kimya kimya. Hakufanya. Tarehe 30 Oktoba, msimu ukiendelea, mkurugenzi wa michezo ndiye aliyetangaza kwamba dogo hatarudi mwakani. Iowa walishinda mechi 10 mwaka ule, karibu zote kwa mgongo wa ulinzi, wakamaliza na wastani wa pointi 15 na ushee. Mbili za mwisho walifungwa 26-0 na 35-0.

Baada ya hapo mzee wa Iowa akaajiri mtu wa nje, aliyekuwa kafukuzwa ukocha mkuu Western Michigan na kujihifadhi kwa mwaka mmoja kama mchambuzi wa Green Bay Packers. Msimu wa 2024 timu ile ile ikafunga wastani wa pointi 27.7, juu ya lile sharti aliloshindwa mwanawe.

Dogo alipata kazi kwenye benchi la Maryland. Tarehe 23 Novemba 2024 Iowa wakasafiri kwenda kucheza huko, baba akiwa upande huu wa uwanja na mwana upande ule. Baba alishinda 29-13.