Upepo Hupanda

Ufundi wangu ulianzia kwenye unyayo wa mguu wa kushoto. Mwaka 1997 nilikuwa utingo wa mjomba kwenye Canter, tukibeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Dar es Salaam. Asubuhi moja klachi ikafa tukiwa na mzigo. Masta ya juu, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, ilikuwa imevuja hadi kapeti limelowa, na pedali ikikanyagwa hairudi. Mjomba akapata masta mpya, akaifunga palepale kando ya barabara, kisha akajitupa uvunguni na spana. Mimi nikapanda kitini.

"Pampu!" Nakanyaga mara nne. "Shika!" Nagandamiza. Huko chini analegeza skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini, pedali inazama, povu linatoka, anakaza. "Achia!" Ole wangu niachie kabla hajakaza, maana upepo huvutwa upya na kazi yote inarudi mwanzo. Hatukuonana, tulisikilizana tu. Ndivyo nilivyojifunza kuutambua upepo kwa unyayo. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Nguvu ya mguu inaishia kuuminya, haifiki kwenye uma wa klachi. Pedali inakuwa laini kama mpira wa miguu uliopungua upepo. Halafu unajaribu rivasi, kwa kuwa gia hiyo haifichi kitu: ikikwaruza, klachi haijaachia sawasawa.

Tulianza saa nne asubuhi, jua likatuzamia. Tukaamini kwamba masta mpya ni mbovu, na mjomba alimlaani muuzaji njia nzima. Masikini, hakuwa na kosa. Masta hutoka dukani ikiwa tupu. Ilipaswa kujazwa mafuta na kupampiwa mezani kwanza, hadi mapovu yaishe, ndipo ifungwe kwenye gari.

Hilo nimelijua nikiwa na gereji yangu Morogoro. Huko nilifanya kosa jingine, na bado linaniuma. Nilirefusha fimbo ya pedali nikitaka klachi ishike juu, bila kuiachia nafasi kidogo kabla haijagusa pistoni. Tundu la kurudishia mafuta likabaki limezibwa, presha ikabaki ndani, klachi ikawa imekanyagwa nusu muda wote. Gari likapanda Kitonga na mzigo. Sahani iliungua, na mteja alilala mlimani. Tangu siku hiyo sitoi gari kabla sijaipima nafasi hiyo kwa kidole.

Njia mpya alinionyesha jirani yangu, fundi wa pikipiki. Alikuwa akijaza breki kutokea chini kwa bomba la sindano la mifugo. Nilisimama nikamtazama mpaka akamaliza. Upepo asili yake ni kupanda, nasi miaka yote tulikuwa tukiulazimisha ushuke, kutoka kwenye pedali mpaka kwenye giaboksi!

Siku hizi nafyonza kwanza mafuta ya zamani kwenye kikopo cha juu, yasije yakafurika, kwa sababu mafuta haya ya breki hula rangi. Navalisha mpira mwembamba kwenye skrubu ya chini, nalegeza, nasukuma sindano polepole. Juu mapovu yanaibuka, makubwa, kisha madogo, kisha hakuna. Kwa kawaida robo saa inatosha, na kitini hakuna mtu.

Mwaka juzi mjomba alinitembelea. Magoti hayamruhusu tena kuingia uvunguni, akachuchumaa kando ya tairi, akinitazama.

"Nani anakanyaga?"

"Hakuna, mjomba. Napandisha mafuta kutoka huku chini."

Akanyamaza. Nilipokaza skrubu alikuwa ameshapanda kitini. Akakanyaga taratibu, mara tatu, uso umeinama kama anayesikiliza. Akawasha injini, akaweka rivasi. Gia ikaingia kimya, akaitoa.

"Achia," nilimwambia kutoka uvunguni, bila kufikiri.

Akaachia.